Sahani ya Noeli ya Mama Amida

Tu! Tu! Tu!

Mujinga alijitupa chini ya kitanda kabla hajafumbua macho. Kutoka uani akamsikia mama yake akicheka.

"Toka huko, mwanangu! Ni kinu. Natwanga mahindi."

Ilikuwa asubuhi ya Noeli ya mwaka 1961, katika mtaa wa Kamalondo, mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na milio ya bunduki ilikuwa imenyamaza siku chache tu zilizopita. Mujinga, msichana wa miaka kumi na miwili, alitoka uvunguni, akafagia ua, akachota maji, akawasha makaa kwenye mbabula, jiko lao la bati.

Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Siku za vita, vijana wenye mapanga walipopita wakiwatafuta Wakasai, jirani yao Mwislamu, Mama Amida, aliwaficha chumbani kwake. Alisimama mlangoni, akasema, "Humu mna watoto wangu tu." Hakuna aliyethubutu kumpita.

Kila Noeli nyumba ya kina Mujinga ilimpelekea Mama Amida sahani ya wali na kuku. Kwa hiyo kuku wa Noeli hakuchinjwa nyumbani. Alipelekwa kwa Mzee Abibu, karibu na msikiti, achinjwe kwa utaratibu wa Waislamu ili majirani nao wale bila wasiwasi.

"Mpeleke jogoo kwa Mzee Abibu," alisema mama yake, Mama Albertine. "Mimi nawahi misa ya kwanza."

Lakini Mujinga alikuwa na haraka yake. Watoto wa kwaya walikuwa wanapangwa kwa ajili ya misa ya pili, na anayechelewa husimama nyuma, asionekane na mtu. Binamu yake Jeannot, kijana wa miaka kumi na mitano, alimwona akihangaika na kamba ya jogoo.

"Leta kisu, mudogo wangu. Kuku iko kuku tu!"

"Na Mama Amida?"

"Kwani atamwuliza jogoo?"

Mujinga akacheka. Jeannot akachinja. Na Mujinga akaimba katika mstari wa mbele.

Mchana Mama Albertine alipakua vipande vilivyo bora, mapaja yote mawili, akafunika sahani kwa kitambaa.

"Mpelekee kabla sisi hatujala. Mwambie si mabaki."

Mama Amida aliipokea kwa mikono miwili. Binti yake Mwajuma, rafiki wa Mujinga, alikuwa ameshanawa, amekaa mkekani. Nyumba ile haikuwa imeonja nyama tangu vita vianze.

"Na Mzee Abibu, umemkuta mzima?"

"Mzima, mama. Anawasalimu."

Uongo ulitoka mwepesi kama pumzi. Mwajuma akasema bismillahi, akainua paja.

"Umechagua kubwa!" mama yake akamtania. "Mimi nile shingo?"

Paja lilikaribia midomo. Mujinga aliutazama mlango ambao mama huyu alikuwa ameuziba kwa mwili wake.

"Usile!" Akampokonya. Mchuzi ukamwagika mkekani.

"Una wazimu?" Mwajuma alifoka.

"Jeannot ndiye aliyemchinja. Kwa Mzee Abibu sikufika. Nilitaka kuwahi kwaya."

"Kwa hiyo ungeniacha nile?"

Mujinga akalirudisha paja sahanini. Mwajuma akamgeuzia mgongo.

Mama Amida alifunika sahani, akamshika Mujinga mkono, wakaenda kwa Mama Albertine. Naye alisikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi.

"Walituficha sisi, nawe ulitaka kuwalisha kwa hila!" Akamwona Jeannot akinyatia mlango. "Jeannot, usitoroke! Leo jogoo huyu haliwi humu ndani. Chukueni maharagwe, nyinyi wawili, mpike."

Wakachambua, wakapepea makaa, wakaunga kwa mawese. Jua lilikuwa limeshalegea familia mbili zilipokaa pamoja kula wali na maharagwe. Jeannot alikuwa akiikodolea macho sufuria ya kuku pembeni.

"Jogoo anatucheka," alinong'ona.

Mama Amida ndiye aliyecheka kwanza. Kisha akamgeukia Mujinga.

"Maombi yenu ya Noeli siyajui, mwanangu. Ninachojua ni kwamba siku hii hamli mpaka mimi nimepata. Mkristo ananipikia, nami natia mkono sahanini bila hofu. Nje huko watu wanaulizana kabila kabla ya kusalimiana. Sisi humu tumebaki na kuaminiana. Ukivunja huko kuaminiana, Noeli inakwisha, kinabaki chakula tu."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekwisha kukusamehe. Na huyu?" Akamwonyesha Mwajuma kwa kidevu.

Mujinga akageuka, akamtazama rafiki yake usoni.

"Mwajuma, chochote nitakachokupa ule, nitakuambia kwanza ukweli wake, hata kama utanikasirikia. Nakuahidi mbele ya mama zetu."