Mtoto Ameshauzwa

Thoa alishuka kwenye basi jijini Hanoi asubuhi ya manyunyu, mtoto kifuani, kapu la kuku mkononi. Ni wa kijiji chetu huyu, mlango wake na wetu inatazamana, na yaliyompata nayasema kama alivyoyasema mwenyewe, bila kutia chumvi. Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Pikipiki zilikuwa zinapita hadi kwenye njia za waenda kwa miguu, wauza maua ya mipichi walishaanza kujipanga maana Mwaka Mpya ulikuwa umekaribia, na kila mtu alikuwa na haraka zake. Mtoto, kwa bahati, alikuwa amelala.

Maana huyo mtoto alikuwa analia. Jua likianza kuzama naye anaanza, mpaka majogoo. Hospitali ya mkoa walimpima wakasema mzima, na huo uzima wake ulikuwa unakonda kila wiki. Thoa alishazika mmoja kabla yake, na yule naye alianza hivyo hivyo, kwa kilio kisichokuwa na sababu. Mumewe, Vien, alikuwa kiwandani Korea. Alikuwa akipiga simu jioni anaishia kusikiliza kilio. Mwishowe baba mkwe akakata shauri: "Mpeleke Hanoi kwa shangazi yangu Khue. Akusaidie kumuuza hekaluni."

Kuuza kwetu si kwa pesa. Mama anamtoa mtoto, Mtakatifu wa hekalu anampokea, na vile vitu vinavyozunguka kutafuta watoto wa watu vikija vinakuta huyu si mtoto wa mtu. Unarudi naye nyumbani unamlea kama kawaida, na akishavuka utoto unakwenda kumkomboa. Wengi wetu tumeuzwa tukakombolewa. Ndiyo maana Thoa hakuwa na hofu yoyote. Alichotaka ni mtoto asife, na yeye apate usingizi.

Nyumba ya Bibi Khue iko mitaa ya zamani, nyembamba kama kitanda, ila ukiingia huoni mwisho wake. Sehemu ya mbele amempangisha muuza kandambili. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda anatafuna tambuu, akalitazama kapu.

"Umekuja kutembea au umehama?"

"Ni kuku, Bibi. Wa kienyeji."

"Kuku! Kwani Hanoi nzima kuku wamekwisha?" Lakini alilipokea kwa mikono miwili, na akamchungulia mtoto bila kumsifu, kama inavyotakiwa, vile vitu visije vikamtamani. "Ndiye huyu?"

"Ndiye. Tunamwita Kijibwa."

"Hilohilo, Kijibwa, sura mbaya. Hekaluni tunakwenda alasiri. Kabla ya yote panda juu, ukamwonyeshe mtoto kwa Binti. Mwambie ni wa nani. Usikae kitako kabla hujamwambia, umenisikia?"

Thoa aliitika. Alijua Binti ni nani. Kila ukoo wenye msichana aliyekufa kabla ya kuolewa humwekea mahali pake kwenye madhabahu ya wazee, na yeye ndiye huwa mkali kuliko wote. Lakini ngazi zilikuwa za kusimama wima, mtoto alikuwa ameamka anatafuta ziwa, na mgongo ulikuwa unamuuma kwa safari. Akajiambia atapanda baadaye. Akakaa kitako.

Mchana Hanoi hulala. Bibi Khue alikuwa nyuma ya pazia lake anakoroma, muuza kandambili amelaza kichwa juu ya bidhaa zake, hata barabara ilikuwa imepoa. Hapo ndipo mtoto alipoanza kulia. Hajawahi kulia mchana. Thoa, kwa kuogopa kumwamsha mzee, akambeba akaelekea nyuma, akiufuata ukumbi uliozidi kuwa baridi kila alivyokwenda.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na ua mdogo ulio wazi juu. Katikati kulikuwa na kisima. Pembeni ya kisima msichana mmoja alikuwa amechuchumaa anaosha majani mapana, shati jeupe, suruali imekunjwa, miguu imelowa. Mpangaji, Thoa akawaza.

"Anaumwa nini?" msichana akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna anayejua, dada. Leo namuuza."

"Unamuuza?" Msichana akacheka, mkono mdomoni. "Basi niuzie mimi."

Utani huo kila mtu anautoa. Hata ndani ya basi mama mmoja wa mboga alishautoa. Thoa hakuwa amelala tangu juzi.

"Mchukue," akasema. "Mchukue bure, mradi nilale."

"Bure sitaki. Baadaye utasema sikumnunua."

Akafuta mikono, akampa kifurushi cha jani la yungiyungi. Ndani mlikuwa na pepeta, ule mchele mchanga wa kijani, laini, bado una joto la kinu. Thoa akawaza kwamba mjini kweli hakuna kisichopatikana. Pepeta ni ya mwanzo wa vuli, na hapa watu wanaila kwenye baridi. Akala. Ilikuwa tamu. Akamaliza yote.

"Anaitwa nani?"

"Kijibwa."

"Jina la kweli."

Jina la kweli Thoa hakuwahi kulitamka nje ya nyumba. Lakini msichana alikuwa ameshasogeza sikio. Thoa akainama, akalinong'ona: Khoi. Sikio lile lilikuwa la baridi, na lilinuka kuvu.

Mtoto akanyamaza. Msichana akanyoosha mikono. Thoa akampa amshike kidogo tu, akaketi kwenye kizingiti apumzishe macho.

Aliamka yuko kwenye mkeka, chumbani. Mtoto yuko ubavuni pake, amelala fofofo. Bibi Khue amesimama juu yao.

"Amka, twende. Umemfanyia nini, mbona kimya hivi?"

"Amelala tu, Bibi."

"Na nywele umemchana vizuri."

Thoa akatazama. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowekwa maji, zimechanwa, na zimetengwa njia upande mmoja. Alikuwa anadhani ni Bibi aliyemchana.

Hekaluni palikuwa na watu wachache. Mtawa mzee alipokea matunda, akawasha udi, akasoma dua, kisha akachukua sarafu mbili za kale zilizopakwa chokaa upande mmoja. Zikianguka moja nyeupe moja tupu, Mtakatifu amekubali. Zikiwa tupu zote, amekataa. Zikiwa nyeupe zote, anacheka.

Akazirusha kwenye sahani. Tupu zote mbili.

Akaongeza udi. Akarusha. Tupu zote.

Mara ya tatu hakurusha. Alizishika sarafu mkononi, anazitazama nywele za mtoto.

"Mama," akanong'ona, "huyu mmeshamuuza kwingine?"

"Hapana!"

"Mtakatifu hanunui mali ya mtu. Leo umepokea kitu gani, na kutoka kwa nani?"

Kwenye meno ya Thoa bado kulikuwa na punje ya pepeta. Akaisikia kwa ulimi. Akaeleza: kisima, majani, utani. Alipofika kwenye kisima Bibi Khue akaacha kutafuna.

"Kisima kipi?"

"Cha pale nyuma, Bibi."

Bibi akameza tambuu yake yote. "Twende nyumbani," akasema.

Ukumbi ulikuwa uleule. Mwisho wake palikuwa na sakafu ya saruji, bati juu, na pikipiki ya muuza kandambili imeegeshwa. Hapakuwa na ua wazi. Hapakuwa na kisima.

"Tulikifukia kabla sijaolewa," alisema Bibi Khue.

Saruji ilikuwa kavu kila mahali isipokuwa chini ya pikipiki. Pale palikuwa na duara la maji, ukubwa wa mdomo wa kisima. Ukingoni mwa duara lilikuwapo jani la yungiyungi lililokunjuka upande mmoja, na unyasi wake wa kufungia bado umeshika. Bibi akaliokota. Akaufuata unyasi kwa kidole.

"Unazungushwa mara mbili, halafu unachomekwa chini. Alikuwa anafunga hivi yeye peke yake. Nhan. Dada yangu."

"Alikufaje?" Thoa akauliza.

"Aliingia kisimani na mdogo wetu mgongoni. Tulimtoa yeye amekufa. Mdogo wetu tulimkuta amekaa ukingoni, mkavu, anacheka. Alikuwa anapenda watoto, Nhan. Kila mtoto wa mtaa huu alitaka awe wake." Akamgeukia. "Ulipanda kumwonyesha huyu? Ulimwambia ni wa nani?"

Thoa akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Wakapanda wote, mtoto kifuani. Kwenye nafasi ya Binti palikuwa na kioo na chanuo, basi. Chanuo lilikuwa linadondosha maji. Kati ya meno yake palikuwa na unywele mmoja mfupi, laini, wa mtoto.

Bibi akapiga magoti kwa shida, akashika sarafu za nyumbani. "Dada, mrudishe."

Nyeupe zote.

"Basi mlee mpaka akue, halafu tumkomboe."

Nyeupe zote.

"Nilikuwa natania!" Thoa alilia. "Dada Nhan, nilikuwa nimechoka, nilikuwa natania tu!"

Bibi akarusha mara ya mwisho. Sarafu zikagongana sahanini, zikazunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayecheka ameziba mdomo. Nyeupe zote. Mtoto kifuani akatabasamu, macho yako kwenye kioo.

"Sikiliza, mwanangu," Bibi Khue alinong'ona. "Akiwa mikononi mwake mtoto hafi. Hilo ndilo ulilolifuata."

"Na mimi je?"

"Mfundishe akuite shangazi. Wengi waliouzwa wanawaita mama zao hivyo."

"Sitamfundisha."

Alirudi kijijini. Mtoto akanenepa. Kilio kilikwisha, hata akianguka halii, hata akichomwa sindano. Baba mkwe alijisifu mtaa mzima kwamba Hanoi ni Hanoi. Vien akapiga simu akasikia kimya, akafurahi. Thoa tu ndiye aliyekosa usingizi. Alikuwa anakesha ameshika mkono wa mtoto, na kila asubuhi, hata akiwa hajafumba macho, anakuta nywele zimelowekwa na kuchanwa, njia upande mmoja.

Mwaka Mpya uliofuata sisi majirani tulikuwa kwao, tunakula mikate ya wali, tunataniana. Mtoto alikuwa ameanza kutembea ila hajasema neno. Mama yangu akamchokoza: "Wewe Kijibwa, mama yuko wapi?"

Mtoto alikuwa amepakatwa na Thoa. Akainua uso, akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni.

"Shangazi," akasema.

Watu wakacheka. Thoa hakucheka. Mtoto akanyoosha mkono kuupita uso wake, kuelekea mlangoni kwenye mtungi wa maji. Kwa mkono mwingine akajiziba mdomo. Akacheka.

"Mama."

Tukageuka. Hapakuwa na mtu. Juu ya kifuniko cha mtungi palikuwa na kifurushi cha jani la yungiyungi, bichi, linadondosha maji. Mabwawa yote ya kwetu wakati huo ni matope matupu, hayana hata jani.

Thoa aliinuka, mtoto akabaki mkekani. Akakinyakua, akatoka nacho nje kwenye manyunyu, akakitupa bwawani kwa nguvu zake zote. "Sichukui!" akapiga kelele. "Sichukui malipo yako! Ni wangu! Nimemzaa mimi!"

Ndani, mtoto akaanza kulia.

Kilikuwa kilio kile cha zamani. Mama yangu alimbeba, akasema anawaka moto. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Thoa alisimama ukingoni anasikiliza, uso umelowa, na ile furaha ya kusikia mtoto wake akilia ikamtoka machoni, tukaiona inavyotoka. Alishakisikia kilio hicho kwa mtoto wake wa kwanza. Alijua kinaishia wapi.

Akaingia bwawani. Matope yalimfika kiunoni. Alipapasa, akapapasa, akakipata. Jani lilikuwa limefungwa mara mbili, limechomekwa chini. Akalichana kwa meno akala palepale, pepeta na matope, huku analia, mpaka punje ya mwisho.

Kilio kikakatika.

Mtoto sasa anasoma. Ana afya, ana adabu, anamwita shangazi. Vien alirudi akamkuta hivyo, akazoea. Kila Mwaka Mpya kifurushi kinakuja juu ya mtungi, na kila mwaka Thoa anatoka nacho peke yake uani, anakula amesimama.

Lile jani la bwawani mama yangu aliliokota, akalitundika juu ya jiko letu asijue kwa nini. Ukuta mzima umekuwa mweusi kwa moshi. Jani bado ni bichi, na chini yake, sakafuni, hapakauki.