Warefu wa Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alimsaidia bibi yake bustanini, na kila Jumamosi mdomo wake ulifanya kazi zaidi kuliko jembe. Ndiyo maana babu alimpa jina la ndege huyo mwenye kelele.

Jumamosi moja bibi alikuwa akienda kumjulia hali mgonjwa. "Palilia pale ukutani, mjukuu wangu," alimwagiza, "ila warefu wangu usiwaguse."

Warefu walikuwa maua ya porini, ambayo mizizi yake bibi alipewa na marehemu mama yake. Kila mwaka yalichanua rangi ya chungwa na kumpita babu kimo, naye babu akalalamika kwamba sasa hata maua yanamdharau. Lakini sasa kilikuwa kiangazi; mashina yalikuwa yamekauka na bibi alikuwa ameyakata, ikabaki mizizi tu ardhini. Chiriku alitazama ukutani asione mrefu hata mmoja. Basi akalima pote, akang'oa mizizi minene na kuitupa kwenye lundo la takataka.

Bibi aliporudi, aliduwaa. Akauliza ni nani aliyechimba pale. Hapo ndipo Chiriku alipong'amua alichokifanya.

"Ni kuku, bibi," alijibu.

Bibi hakugomba. Aliketi kibarazani, akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuwa na ukumbusho mwingine wa mama yake. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni babu aliomba kiberiti akachome takataka. Chiriku alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Akamtazama bibi, ambaye chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Alimpenda mno, akashindwa kuvumilia.

"Babu, usiwashe," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Si kuku. Ni mimi. Mizizi imo humo."

Wote watatu walifukua lundo kwa mikono. Mizizi ilikuwa bado na unyevu, wakaipanda upya kabla giza halijaingia. Mvua zilipoanza, machipukizi yakajitokeza, na bibi akamwita mjukuu wake aje ayaone.

"Uling'oa kwa kutojua, na mimi nami sikukueleza vizuri," alimwambia akimkumbatia. "Lakini ungenyamaza kidogo tu, babu yako angekuwa ameshawasha moto. Ukikosea, mama, njoo uniambie mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."