Kiti cha Somoe

Mwalimu Hosea alikuwa amelala ubavu wa kulia kwenye sakafu ya karakana ya umeme, macho yamefumbwa, uso umeelekea kaskazini. Ungedhani kajinyoosha kidogo kusubiri chai, isipokuwa vidole vya mkono wake vilikuwa vimeungua vikawa vyeusi.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane na nusu mchana. Chuo cha wananchi, nje kidogo ya Kilindoni, kilikuwa ndiyo kwanza kinajaa tena baada ya swala.

"Ajali kazini, afande," alisema Konstebo Silvester. "Alikuwa anaandaa mazoezi, akashika waya wenye moto."

Inspekta Safia, mzaliwa wa Baleni, kijiji cha jirani, aliufuata waya kwa macho. Alikwenda hadi kwenye swichi kuu, hatua kumi kutoka kwa maiti. Sanduku lake la chuma lilikuwa wazi, ufunguo umening'inia kwenye kitasa. Swichi ilikuwa imezimwa.

"Nani kazima?"

"Si mimi," alisema Specioza, mwanafunzi aliyeiona maiti kwanza. "Sikugusa kitu. Nilikimbia."

"Haya, Silvester, nifundishe. Maiti inazimaje umeme?"

Silvester alifunga daftari lake.

Wanafunzi walijazana mlangoni, mafundi cherehani, maseremala, wa mashine za boti. Hakuna aliyethubutu kuvuka kizingiti.

"Ni Somoe," Specioza alinong'ona.

"Somoe gani?"

"Mwenzetu. Alikufa kwa umeme mwaka jana, kwenye meza hiyo hiyo ya mazoezi. Mwalimu hakulifuta jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Kila asubuhi anamwita. Na anaitika."

"Nani anaitika?"

"Yeye, afande. Dirishani. 'Abee.' Taratibu hivyo. Tunasikia wote. Mwalimu akisikia, kalamu inamdondoka."

Safia alisisimka mwili, akajikasirikia. Miaka kumi na minane ya upelelezi, halafu anatishwa na neno moja la adabu!

Hospitalini, daktari alimvua marehemu viatu. Soksi zilikuwa zimevaliwa ndani nje. Kwenye vidole gumba vya miguu palikuwa na alama nyembamba ya kufungwa, na ndani ya soksi moja uzi mwekundu wa kanga.

"Kwenu Bukoba mnawafunga maiti vidole?" Safia alimuuliza Silvester.

"Sijawahi kuona, afande."

"Huku kwetu tunafunga. Tunafumba macho, tunafunga vidole, tunaelekeza kibla, huko kaskazini. Aliyemuua alimsitiri kama ndugu yake. Kisha akakumbuka huyu ni Mkristo na hayo yangemuumbua, akafungua na kumvalisha upya. Kumgeuza tena kutoka kibla, moyo ukamkatalia."

Walirudi chuoni. Katika darasa la umeme, kanga nyekundu ilikuwa imetundikwa kwenye kiti cha safu ya tatu. Upindo wake mmoja ulikuwa umechanwa, na mpasuko ulikuwa mpya.

"Kanga ya Somoe," alisema Specioza. "Tangu afe ipo hapo."

"Nani hukaa hapa?"

"Asubuhi hakuna. Alasiri kuna kozi fupi ya kufunga umeme majumbani, anakaa baba yake, Mzee Muhidini, yule anayefagia. Chuo hiki hakiangalii umri, afande. Ukijua kusoma tu, unapokewa."

Mzee Muhidini alikuwa barazani, chini ya dirisha la darasa hilo hilo, anafagia mahali palipokwisha kuwa safi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo umeswali wapi?"

"Msikitini."

"Nimepita msikitini, baba. Wenzako wanasema leo mahali pako palikuwa wazi."

Fagio lilisimama. Safia alimwambia haki yake ya kunyamaza, kisha akamkunjulia ile kanga. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaishika pale palipochanika, akaketi.

"Waliandika kwenye ripoti ya ajali kwamba mwanangu aliwasha swichi bila ruhusa," alisema. "Watu wakasema kaponzwa na ujuaji. Nikajiandikisha nijue huo umeme ni kitu gani. Wiki ya tatu tukafundishwa sheria ya kwanza ya karakana: sanduku la swichi lina ufunguo mmoja tu, na unakaa shingoni mwa mwalimu."

"Nani alifundisha?"

"Hosea mwenyewe. Macho yake kwenye kiti changu."

Safia naye akaketi kando yake.

"Leo watu walipokwenda kuswali nikamfuata. Nikamuuliza, nani aliwasha? Akasema, 'Mimi, mzee. Nilidhani ameshatoa mkono.' Analia. Nikamwambia, basi liandike, mwanangu asafike. Akasema hawezi, atafukuzwa kazi, ana watoto. Akainamia waya zake. Ufunguo ulikuwa kwenye sanduku."

"Ukawasha."

"Nikawasha. Nikazima papo hapo, wallahi. Lakini na mwanangu alizimiwa papo hapo. Nikamlaza vizuri. Asingebaki vile, kama kitu kilichotupwa."

"Na sauti ya dirishani?"

"Kuitwa bila kuitika si adabu. Nilimlea akiitwa aitike. Asubuhi niko hapa na fagio, nasikia anaitwa, kimya. Nikawa namuitikia."

Kituoni alikataa maji. Aliomba jambo moja tu.

"Andika la mwanangu kwanza. La kwangu litafuata, silikimbii."

Utaratibu haukuwa huo, na Safia aliujua vizuri. Aliandika hata hivyo. Alipomaliza, akamsomea kwa sauti ili athibitishe:

"Somoe Muhidini..."

"Abee," aliitika mzee.

Silvester, aliyekuwa ameshika pingu, aliziweka mezani polepole. Safia akaendelea kusoma: "...mwanafunzi wa umeme, hakuwasha swichi."