Nani Alimwandikia Eufrasia?

Pale mtaa wa Gungu, ukiuliza simu ya wote iko wapi, utaonyeshwa nyumba ya Domitila. Simu yenyewe ilikuwa yake, tena aliinunua kwa jasho la kuuza dagaa. Lakini nani hakuitumia? Jirani akisubiri ujumbe wa mwanawe, alitoa namba ya Domitila. Asiyejua kusoma alisomewa. Domitila hakuchoka wala hakununa, ndivyo alivyoumbwa.

Mwezi ule alikuwa na mgeni. Mgeni huyo aliitwa Veneranda, mkimbizi wa Burundi anayeishi kambi ya Nyarugusu. Walifahamiana kwenye soko la karibu na kambi, Domitila alipokuwa akipeleka dagaa. Sasa Veneranda alikuwa amepewa kibali cha kuja hospitali mjini Kigoma. Macho yake yalikuwa na ukungu. Maandishi ya simu hakuyaona kabisa.

Lakini si macho tu yaliyomleta. Miaka minne nyuma, siku ya kukimbia, alipotezana na binti yake Eufrasia. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Juzijuzi tu ndipo habari ilipofika kwamba Eufrasia yu hai, analelewa na familia moja huko Ngara. Domitila akaandikiana naye kwa WhatsApp. Wakapanga kila kitu. Alhamisi binti apande basi alfajiri, ashuke stendi ya Kigoma, na mama yake awe pale pale anamsubiri.

Alhamisi ikafika. Veneranda alioga mapema, akavaa kitenge chake kizuri, akakaa mlangoni.

"Dada Domi, nisomee. Ameandika?"

"Ameandika, subiri nisome." Domitila akafungua simu. Akasoma kimya. Kisha akasoma tena, na uso ukambadilika.

"Anasemaje?" Veneranda akauliza.

Domitila akasoma kwa sauti: "Sawa, mama. Nitashuka Kidahwe kama ulivyosema. Nitamtafuta huyo kaka mwenye pikipiki nyekundu."

"Kidahwe? Si tulisema stendi?"

"Tulisema stendi! Mimi sijaandika Kidahwe. Na huyo kaka simjui!"

Kidahwe ni njia panda, kabla hujafika mjini. Msichana mgeni ashuke pale, apakiwe na mwanamume asiyemjua, apelekwe wapi? Veneranda alielewa mara moja. Akashika kichwa. "Yoo, mwana wanje, mwanangu! Nitampoteza mara ya pili!"

Domitila alimpigia Eufrasia papo hapo. Namba haikupatikana. Basi lilikuwa njiani, na mtandao kule unakuja na kuondoka. Akapiga tena na tena, wapi! Hapo akachomoa kifuniko cha simu. "Naivunja hii laini. Naitupa ziwani!"

"Usivunje kitu!" Sauti ilitoka uani. Alikuwa Mwalimu Elinipa, jirani yao, anayefundisha kompyuta sekondari. Elinipa ni Mpare, serikali ilimleta Kigoma mwaka juzi, na mpaka leo wanamtania kwamba anakula mgebuka, samaki wa ziwani, kama anakunywa dawa. Alikuwa amesikia kelele akiwa anaanua nguo.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba, mwalimu. Tumekwisha!" Domitila akamweleza yote.

Elinipa akaketi juu ya ndoo. "Ukitupa laini, binti akiwasha simu atakupata wapi? Hii namba ndiyo kamba pekee inayowaunganisha. Niambie, siku hizi uliona jambo lolote la ajabu kwenye simu?"

Domitila akafikiri. "Kuna ujumbe nilikuta umeshasomwa kabla sijaufungua. Nikadhani ni watoto wanachezea."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Domitila aliudharau siku tatu nzima.

"Jumatatu simu ilikuwa wapi?"

"Kibandani kwa Nassib, anayechaji simu za watu. Kwangu umeme bado."

"Ina namba ya siri ya kuifungua?"

Domitila akainama. "Niliiondoa, mwalimu. Nilitaka Eufrasia akipiga nikiwa mbali, Nassib aweze kupokea."

Elinipa hakumcheka. "Mama, simu ikifungwa kwa namba ya siri bado inapokea. Mtu akipiga, Nassib anabonyeza tu, wanaongea. Asichoweza ni kuingia ndani. Wewe uliacha mlango wazi ili mgeni apige hodi, naye mwizi akapita. Akiishika simu iliyo wazi dakika moja tu, anaiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake. Kisha anakurudishia simu yako salama, huku anasoma yote na kuandika kwa jina lako. Anafuta aliyoandika, usiyaone."

"Mungu wangu! Basi ngoja nimwandikie Eufrasia sasa hivi, asishuke!"

"Usiandike! Atauona na kuufuta. Kwanza tumtoe nje." Elinipa alimwachia simu mwenyewe. "Shika wewe. Leo utajifunza kwa mkono wako."

Domitila alibonyeza vidoti vitatu vya juu. Akaona maneno "Vifaa vilivyounganishwa". Akagusa. Ilikuwepo kompyuta moja. Chini yake iliandikwa kwamba imetumika asubuhi ile ile.

"Una kompyuta?" Elinipa akauliza.

"Mimi? Nina sufuria!"

"Basi huyo ndiye. Iguse, umtoe."

Domitila akagusa. Kompyuta ikapotea kwenye orodha. Alishusha pumzi kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Bado," Elinipa akasema. "Sasa nenda kwenye mipangilio, ndani ya akaunti. Tafuta uthibitishaji wa hatua mbili. Weka tarakimu sita. Hizo zinamzuia mtu asiisajili akaunti yako kwenye simu nyingine."

"Niweke mwaka wangu wa kuzaliwa?"

"Ambao Gungu nzima inaujua? Weka nyingine, wala usinitajie hata mimi. Na ukiletewa ujumbe wenye namba za kuthibitisha, usimsomee mtu, hata akijiita mjomba wako."

Kisha Domitila akaweka namba ya siri ya kufungulia simu yenyewe. Alikosea mara mbili, mara ya tatu ikakubali.

"Sasa binti," Elinipa akasema. "Yule mtu ameshaiona namba yake, anaweza kumpigia na kumdanganya tena. Maandishi hayatoshi. Mama Veneranda, sema wewe. Tutume sauti yako."

Domitila akabonyeza kinasa sauti, akamsogezea. Veneranda akaisogelea simu. Miaka minne! Aseme nini ili mtoto asadiki? Mara akasema kwa ukali: "Eufrasia! Ni mimi mama yako, niliyekuchapa ulipovunja mtungi ukamsingizia mbuzi! Usishuke Kidahwe. Huyo kaka ni mwongo. Kaa ndani ya basi mpaka stendi!"

Ujumbe ukatumwa. Wakasubiri. Ugali wa mchana haukupikwa na hakuna aliyeuulizia.

Saa nane simu ikalia. Domitila alisahau namba yake ya siri kwa hofu, lakini hakuihitaji. Alibonyeza tu, akapokea.

"Mawe!" Sauti ya msichana ilimwita mama yake kwa Kirundi, inacheka na kulia. "Mawe, kweli ni mbuzi aliyevunja!"

"Mwongo wewe!" Veneranda akapiga kelele, machozi yakimtiririka. "Uko wapi?"

"Tumepita Kidahwe. Kulikuwa na mtu mwenye pikipiki nyekundu, anachungulia madirisha. Nilijifunika kanga. Kondakta nimemwambia, amenikalisha karibu na dereva."

Domitila alikaa chini, pwaa, akamshukuru Mungu kwa Kiha cha kwao na kwa Kiswahili.

Walipokuwa wanatoka kwenda stendi, walipitia kwa Nassib. Alikumbuka mgeni mmoja mwenye kompyuta ndogo, aliyekaa kwenye benchi Jumatatu nzima akisema anachaji. Elinipa alipiga picha ule ujumbe wa Kidahwe, wakaupeleka polisi pamoja na maelezo ya Nassib. Domitila naye aliwaandikia wote waliomo kwenye simu yake: "Tangu Jumatatu mtu alikuwa akiandika kwa jina langu. Nimeshamtoa. Ulichoambiwa siku hizo, nipigie kwanza tuhakikishe."

Basi liliingia stendi saa tisa na nusu. Walishuka wengi. Veneranda hakuona nyuso zao, aliona vivuli tu. Kivuli kimoja kirefu kikaja mbio, kikamkumbatia mpaka kitenge kikafunguka. Veneranda akampapasa mashavu, masikio, mabega.

"Umekuwa mrefu," alisema. "Nani alikuruhusu?"

Domitila akaita bodaboda mbili, mama apande moja na binti nyingine. Veneranda akakataa katakata. Alimshika Eufrasia mkono, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Gungu, na hakuuachia mpaka walipofika.