Karani Aliyehesabu Magoti

Nilitoka kwa fundi wa majalada saa kumi na mbili na robo jioni, daftari la familia nikiwa nimelibana kwapani. Saa nimeiandika. Mimi huandika kila kitu.

Daftari hilo lilianzishwa na babu yetu mzaa baba. Kuzaliwa, kuoa, kuhama, kuugua, kufa: kila jambo lina tarehe na mstari wake. Baba alipofariki kalamu ilikuja kwangu, kwa sababu mwandiko wa kaka yangu unafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga matope. Miaka ilipita, jalada likachoka, kurasa zikaanza kuchomoka. Ndipo likapelekwa kwa fundi. Alisema siku tatu. Alikaa nalo kumi.

"Nimelishona upya," aliniambia bila kuinua macho. "Halichomoki hata ukurasa mmoja. Familia yako yote nimeisoma."

"Hukutakiwa kusoma."

"Nitashonaje nisichokisoma?" Mdomo wake ulicheka, uso haukucheka. "Nenda, nenda... wanakusubiri."

Daftari lilinuka gundi. Gundi, na chini yake harufu nyingine, kama ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Uzi ulikuwa mweusi, mwembamba mno. Niliugusa kwa ukucha.

Uliteleza kama unywele.

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu: Mama, kaka yangu, na mimi. Na mbwa.

Kaka hufundisha mbwa wa walinzi, ndiyo kazi yake. Huyu alipewa kazini akiwa na miezi minne, baada ya kuwashinda wenzake wote. Alikuwa wa damu ya mbwa mwitu: miguu mirefu, manyoya ya kijivu yanayosimama shingoni, macho ya manjano yasiyopepesa. Habweki. Ukimwita hukutazama kwanza, kama anayetaka kujua una cheo gani.

"Huyu hana bwana," Kaka alitueleza. "Huyu ana kundi. Ukimfundisha kama mbwa wa kawaida mtagombana mpaka mzeeke. Mfundishe kulihesabu kundi lake, basi."

Akamfundisha hesabu. Kila jioni, kabla ya kuwasha taa, tuliketi sebuleni. Kaka alisema, "Hesabu," naye akazunguka akigusa goti la kila mmoja kwa pua yake baridi. La Mama. Langu. La Kaka. Tukiwa wote, alijilaza kwenye mkeka wa mlangoni. Akikosekana mmoja, halali. Husimama getini mpaka mtu arudi.

Mama akampachika jina la Karani. "Mahudhurio ya nyumba hii anayo yeye," alisema. "Ninyi mnakaa tu."

Mgeni akitaka kuingizwa kwenye hesabu, ilibidi wawili kati yetu tuseme neno moja: "Wetu." Kaka alimzoeza Karani kulitii neno hilo kuliko pua yake mwenyewe. Alijivunia sana jambo hili. "Pua hudanganyika," alisema. "Mvua, sabuni, marashi. Neno la watu wa nyumba halidanganyiki."

Hapo ndipo alipokosea. Naandika hivi bila kumlaumu.

Jioni ile nilipofika, Karani alikuwa amesimama getini. Nilijua atakuwa pale. Nilikuwa mimi tu niliyekosekana. Nilingoja mkia utikisike.

Haukutikisika.

Alinitazama kidogo, kisha akatazama nyuma yangu, barabarani, kama anayemngojea mtu mwingine. Nikasukuma geti. Shingo yake ikavimba. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini, kama gari linalowashwa mtaa wa pili.

"Karani! Una wazimu?" Kaka alitoka amevaa viatu vyake vya kazi. "Huyu si ndiye anayekupa mifupa?"

Mbwa hakumtazama. Aliendelea kunguruma, meno yakionekana hadi ufizini.

"Umejipaka nini wewe?" Kaka akaniuliza.

"Gundi. Ya daftari."

"Mwingizeni mtoto, kunaingia giza!" Mama akapaza sauti kutoka ndani. "Siku hizi mbwa ndiye anayetupangia?"

"Basi njoo useme neno, Mama. Hanisikii."

Mama akaja akishika ukuta. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliiona sura yangu kama kivuli tu. "Wetu," akasema kwa hasira. "Haya. Mtoto wangu simjui mimi?"

Kaka alingoja kidogo. Pumzi moja tu. Niliihesabu.

"Wetu," akasema.

Karani akasogea pembeni. Nikapita.

Sebuleni Kaka alisema, "Hesabu." Goti la Mama. Goti lake mwenyewe. Mbele yangu mbwa alisimama muda mrefu, masikio yamelala nyuma. Kisha akaligusa goti langu upesi, kama anayegusa sufuria ya moto.

Halafu akatoka. Akaenda getini.

"Tumo wote, Karani. Rudi ulale."

Hakurudi. Nilimwona dirishani, mgongo wake umetuelekea, uso wake barabarani.

Alisimama hivyo mpaka asubuhi.

*

"Tutaanza upya," Kaka alisema baada ya siku tatu za hali ile. "Kama vile wewe ni mgeni. Usimwangalie machoni. Mkono chini, kiganja wazi. Usiseme naye."

Kila asubuhi nilichuchumaa karibu na bomba uani, kipande cha nyama kiganjani. Karani alikuja hadi hatua mbili. Alinusa. Akapiga chafya. Akaondoka.

Nilinawa kwa sabuni ya kufulia, kwa majivu, kwa maji ya moto. Mkono ulinuka gundi.

Siku ya sita nilichoka kungoja, nikausogeza mkono. Aliuma mara moja tu, akaachia. Kaka alikuja mbio na kitambaa. Tukautazama mkono pamoja. Matundu manne yalikuwa wazi na makavu...

Damu ilichelewa.

Ilipotoka, ilitoka polepole, nzito. Kaka alifunga kidonda. Alipomaliza aliinusa mikono yake.

Jioni hiyo aliketi karibu nami, akatabasamu kama mtu anayetaka kutania.

"Unaukumbuka mwaka ule wa surua?"

"Naukumbuka. Tulilala chumba kimoja wiki tatu. Wewe ulianza, mimi nikafuata baada ya siku nne. Mama alitupaka unga wa mhogo."

"Ehee. Na wewe ulikuwa unaniitaje?"

Nikafungua mdomo.

"Wiki tatu nzima, dada. Ulinicheka mpaka ukakohoa. Mpaka leo tukiwa wawili ndivyo unavyoniita. Unaniitaje?"

"Mambo ya kitoto hayo," nikasema.

Tabasamu lake lilikaa pale pale, lakini yeye alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa majalada. Alirudi saa kumi alasiri, vumbi mabegani.

"Pamefungwa," akaniambia. "Muuza mafuta ya taa wa jirani anasema fundi alihama jioni ileile uliyochukua daftari. Lakini nilipoweka sikio mlangoni, ndani kulikuwa na mtu anasoma. Anasoma yaliyomo daftarini mwetu kwa sauti. Majina, tarehe. Nikauvunja mlango."

"Ukamkuta nani?"

"Hakuna mtu. Vipande vya karatasi tu chini."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

Usiku huo aliburuta godoro lake akalilaza mbele ya mlango wa Mama. Nilipopita na taa alinong'ona, "Kama wewe ni dada yangu, nisamehe. Kama siye... dada yangu yuko wapi?"

"Ni mimi, Kaka. Nakumbuka kila kitu. Ulivyovunjika mkono, mwezi wa nane, tarehe tatu. Maneno ya mwisho ya Baba. Harusi ya shangazi, mvua ilivyoharibu..."

"Hayo yote yameandikwa," akasema.

Nilirudi chumbani nikafunga mlango. Nikaketi kitandani, nikaanza kutafuta. Kitu kimoja tu. Ugomvi wa kijinga. Ladha ya kitu. Jambo lolote lililotokea nyumba hii ambalo halina mstari wake daftarini. Nilitafuta kama mtu anayepapasa ndani ya gunia tupu.

Kisha nikajaribu kuikumbuka njia ya kwenda kwa fundi.

Ya kurudi ninayo, jiwe kwa jiwe. Ya kwenda... haipo.

Sitaficha nilichohisi. Wengine wangelia. Mimi nilikasirika. Kiti changu kiko hapa. Mama yuko hapa, akinishika mkono kila asubuhi aende kuota jua. Neno limesemwa, tena na wawili. Nani mwingine ana haki kunishinda mimi?

*

Kaka alikuwa akiondoka alfajiri. Nikaanza kumfundisha Karani mwenyewe.

Chakula alichoachiwa na Kaka nilikimwaga shimoni. Bakuli nilililowanisha kwa mchuzi, Kaka akirudi aone limelambwa. Mbwa mwenye njaa ana hesabu nyingine. Siku ya kumi na mbili alikaa mbele yangu, mate yakidondoka, na hakula. Siku ya kumi na tano alikula nilipoiweka nyama chini. Siku ya kumi na tisa, mbavu zake zikihesabika, alikula kiganjani mwangu. Alikula amefumba macho.

Kaka alidhani mbwa anakonda kwa huzuni.

Kulikuwa na neno moja ambalo Kaka hakuwahi kumfundisha: neno la kumtoa mtu kwenye hesabu. Hakuona haja. Mtu wa nyumbani atatolewaje?

Nililifundisha mimi.

Kabatini kulikuwa na gauni lililovuliwa kabla ya siku ya fundi, halijafuliwa. Nililiweka mbele ya pua yake. Mkia wake ulitikisika kwa mara ya kwanza tangu nirudi, akalia kidogo, kwa koo. Nikangoja anyamaze.

"Si wetu," nikanong'ona. Nikampa nyama.

Alinusa tena. Alilia tena.

"Si wetu." Nyama.

Siku nne. Hadi akawa anaugeuzia kisogo mkono wa lile gauni.

*

Siku ya ishirini na tatu Kaka alirudi mchana amechoka, akalala kwenye godoro lake mbele ya mlango wa Mama. Mama alisinzia kitini. Jua lilikuwa limezama, taa bado.

"Hesabu," nikasema taratibu.

Goti la Mama. Goti la Kaka, usingizini. Goti langu. Halafu, kama kawaida, Karani akatoka kwenda getini.

Nikamfuata, ufunguo wa geti mfukoni.

Nje kulikuwa kimya. Kisha...

Kwaa. Kwaa.

Ndala moja. Mguu mmoja una ndala, mwingine unaburutwa. Ukasimama upande wa pili wa geti.

"We Madoa..." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyesoma kwa sauti siku nyingi bila maji. "Madoa, fungua bwana. Kumeingia giza."

Ilikuwa sauti yangu.

Chini ya geti niliona vidole vya miguu, vimepasuka, vimejaa vumbi. Karani aliinama, akaingiza pua kwenye uwazi. Mkia wake ulitikisika mara moja. Mara mbili.

"Karani? Karani wangu, ni mimi... Mwite Kaka. Aliniambia nikalete daftari tu, mara moja. Nimetembea, nimetembea... Mwite Kaka."

Nywele zake zilikuwa zimekatwa. Niliziona kwenye upenyo wa bawaba: kichwa kimekwanguliwa ovyo, upande mmoja hadi kwenye ngozi. Jicho moja likanitazama.

Halikushangaa. Lilinitambua.

"Naomba," akanong'ona. "Wewe unajua yote. Naomba."

Ufunguo ulikuwa umepata joto mkononi mwangu. Nitasema kweli, maana daftari hili halijawahi kuandikwa uongo: nilifikiri kufungua. Kwa muda wa pumzi moja, kama ile ya Kaka.

Kisha nikaweka kiganja shingoni mwa mbwa.

"Si wetu," nikasema.

Karani alitetemeka mwili mzima. Alinusa ule uwazi kwa mara ya mwisho, polepole. Akageuka. Akapita kando yangu kichwa chini, akaingia ndani, akazunguka mara mbili juu ya mkeka wa mlangoni.

Akalala.

"Amelala?" Kaka alikuwa ameinuka kwenye godoro, nywele zimesimama, macho mekundu. "Dada... Karani amelala?"

"Amelala."

"Basi tumo." Aliufunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika. "Tumo wote. Nilikuwa nakufikiria mabaya... nisamehe, tafadhali."

"Lala, Madoa," nikamwambia.

Akainua uso. Alicheka na kulia kwa pamoja, kama mtoto mwenye homa, akaja akanikumbatia. Sikumzuia. Mama akaamka akauliza kuna nini, na Kaka akamwambia hakuna kitu, Mama, mambo yamekwisha, tulia.

Kwaa. Kwaa. Mbali. Halafu nikawa siisikii tena.

Niliwasha taa, nikafungua daftari. Kurasa hazichomoki. Niliandika tarehe na saa, na chini yake: Watatu. Wote wamo ndani. Kisha nikarudi nyuma hadi mwaka wa surua, nikatafuta nafasi pembeni mwa mstari, nikaongeza neno moja kwa herufi ndogo.

Madoa.

Sasa nalo limeandikwa.

Karani bado yuko kwenye mkeka wake ninapomaliza ukurasa huu. Amelala kama alivyofundishwa, mdomo juu ya miguu. Macho tu hajafumba. Yanalitazama goti langu.