Rafiki Yangu Alinizuia Nisimwokoe Mama

"Niachie, Sindano... mama anakufa!"

Hakuniachia. Alinikumbatia kwa nyuma, akanibana mikono, akanivuta mbali na kitanda. Mama yangu mzazi alikuwa ameacha kupumua mbele ya macho yangu, na aliyenizuia nisimguse ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Jamani, mimi ni nesi. Wodi ya watoto, jengo la pili. Nimeshakandamiza vifua vya watoto wa watu wakarudi wakilia. Moyo ukisimama najua cha kufanya.

"Mama yako alikataa," Sindano aliniambia sikioni.

"Alikataa nini?"

"Kukandamizwa kifua. Mashine ya kupumulia. Alisema wakati wake ukifika aachwe aende."

Nilimtazama daktari aliyesimama upande wa pili. Akainamisha kichwa. Kumbe naye alijua... Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeita mtu. Wote walijua isipokuwa mimi niliyetoka tumboni mwake.

Mama akaondoka jioni ile, jua bado liko dirishani, nami nimeshikwa kama mwizi.

Ngoja niwaambie huyu Sindano ni nani. Tulisoma naye chuo cha uuguzi, kitanda cha juu yeye, cha chini mimi. Jina hilo tulimpa sisi, maana mshipa ujifiche vipi, yeye ataupata. Likizo zote alikuja kwetu, na mama alimwita mwanangu bila kusita.

Moyo wa mama ulipochoka akalazwa wodi ya Sindano. Nilishukuru. Kazini kwetu huruhusiwi kumhudumia ndugu yako, na faili la mgonjwa asiye wa wodi yako hulifungui. Nikajiambia si neno, mtu wangu yupo.

Mtu wangu...

Siku ile ile aliyokufa mama nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo.

"Mama alikuambia nini?"

"Alikataa akiwa na akili timamu, mbele ya daktari na mama yako mdogo. Zaidi ya hapo siwezi."

"Mimi ni mwanawe."

"Najua."

"Kwa nini mimi hakuniambia? Nilimkosea nini?"

"Sababu aliniambia, dada. Ni yake."

"Ameshakufa, Sindano."

"Bado ni yake."

Nilimtukana. Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa, watoto wanasoma. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa matroni, mkuu wetu manesi, kumshtaki. Matroni huyu ndiye aliyenipokea kazini nikiwa sijui hata kutandika kitanda cha mgonjwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mgonjwa wako mwenye akili timamu akisema hapana, unafanyaje?"

"Naheshimu."

"Na akisema mtoto wangu asijue?"

Nikainuka kitini.

"Ungemgusa kile kifua wakati mwenyewe amekataa, leo wa kujieleza mbele yangu ungekuwa wewe. Sindano amekukinga, mwanangu."

Nilitoka bila kuaga.

Msibani Sindano akaja, mtandio mweusi kichwani. Nikasimama mlangoni.

"Hapa huingii."

Watu wakatazamana. Yeye hakubisha. Alikaa ng'ambo ya barabara mpaka tulipotoka kwenda makaburini, akafuata nyuma kabisa ya watu. Macho makavu. Nikasema moyoni, mama alimlisha huyu, leo hata chozi hana.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinanitafuna. Kwamba mama alikufa, hilo nililijua, kaburi nililiona. Kilichonitoa usingizini ni kwa nini alinificha mimi. Hakuniamini? Hakunipenda? Chakula kikagoma kushuka. Kazini sikurudi.

Wageni walipopungua, mama mdogo alinikuta jikoni nimesimama, sufuria imekauka maji motoni nami sina habari. Akazima moto.

"Dada aliniruhusu nikuambie yakishapita," akasema. "Nilikuwa nakuogopa."

"Niambie."

"Alimwambia Sindano hivi, nami nipo. Mwanangu akijua atapigana. Atanililia, na mimi machozi yake siyawezi, nitakubali mashine kwa ajili yake. Nami nimechoka."

Nikakaa sakafuni.

"Kuna lingine. Alisema, tangu nilazwe anakuja kila siku nesi. Akinishika mkono, anatafuta mapigo. Akiinua macho, anatazama dripu. Natamani hata mara moja aje binti yangu."

Jamani...

Sikukosa siku hata moja. Kila nikitoka zamu nilikuwa pale, narekebisha mto, nauliza dawa, nahesabu pumzi zake. Mama yangu amekufa ana hamu na mimi, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Moyo uliniuma kuliko siku ya kifo chenyewe.

Nilikwenda kwa Sindano nilivyo, na kandambili za jikoni. Akafungua mlango.

"Mama mdogo ameniambia."

"Amekuambia yote?"

"Yote. Hata la mapigo."

Akashika mlango kwa mikono miwili.

"Basi sasa naweza kulia," akasema. "Nilijua nikilia mbele yako nitasema. Alikuwa mama yangu pia, dada."

Akaanguka mikononi mwangu. Nilimwomba radhi, sijui hata kama alinisikia. Tulilia pale mlangoni mpaka jirani akatoka kuuliza nani kafa.

Manesi wenzangu, siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata anayeuliza awe mtoto wake, hata mwenyewe awe ameshazikwa. Na hapana yake ni hapana hata kama anayelia pembeni ni wewe. Haya niliyakariri chuoni nikafaulu mtihani. Kuyaelewa nimeyaelewa mama yuko ardhini.

Na wewe mwenye mzazi wodini, leo ukienda kumwona, dripu waachie wenye zamu. Vuta kiti karibu, mshike mkono, na usihesabu kitu.