Sauti Iliyofutwa

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalimpata kaka yangu, tumbo moja, na mimi nilikuwepo, tena nikipiga pasi.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, jua limechangamka, jirani anaosha gari lake huku akiimba vibaya. Kaka alikuwa mwandishi wa habari za uchunguzi redioni. Alianza kwa kusoma matokeo ya mpira na matangazo ya vifo, akapanda hadi wakubwa wakawa hawapokei simu yake. Ukuta wa sebuleni ulijaa tuzo. Mke alikuwa naye, akachoka kupokea simu za vitisho, akarudi kwao, na mimi simlaumu. Ndiyo maana nguo za kaka nilizipiga pasi mimi.

Siku hiyo alimleta nyumbani mtunza stoo wa ghala moja la dawa. Mtu mpole, viatu vinang'aa, amekaa kwenye ncha ya kochi kama anasubiri kuitwa na daktari. Alieleza jinsi dawa zilizokwisha muda zinavyobandikwa tarehe mpya na kupelekwa hospitali, za watoto zikiwemo. Kila alipomaliza jambo aliuliza, "Umenipata?" Kwa kuwa kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi, kaka hakusema kitu. Alimwitikia kwa kichwa tu.

Hofu ya yule bwana ilikuwa moja, mama yake. Waliishi wawili tu, na mama alishapofuka. Alimtambua mwanawe kwa sauti tu. Akijulikana nani kasema, mama atabaki na nani?

"Sauti yako nitaibadilisha," kaka akamwambia. "Hata mama yako mzazi akiisikia, hatakujua."

Akaichezea kwenye kompyuta hadi ikawa nzito, ya kukokota, kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Kisha, ili mgeni atulie moyo, akaifuta ile ya asili mbele yake. Mgeni alipoondoka nikamwambia kaka alikate lile neno la "umenipata," limezidi mno. Akacheka, akasema hiyo ndiyo chumvi ya kipindi. Kaka yangu alikuwa na masikio ya kazi, lakini hakuwa na ya kuwasikiliza watu wa nyumbani.

Kipindi kikarushwa, mji mzima ukakizungumzia, na tuzo nyingine ikapata msumari wake ukutani. Kule ghalani hakuna aliyehangaika kumtafuta msemaji. Miaka yote wenzake walikuwa wakimwita Umenipata.

Alikutwa mtaroni, nyuma ya ghala. Polisi wakasema ameteleza. Mwenye ghala alikuja mazikoni na miwani myeusi, akatoa pole kwa sauti kubwa kuliko ndugu wote. Maadui zake walimjua kwa neno moja. Mama yake, ambaye neno hilo la kazini hakulizoea, alisikiliza kipindi kizima jikoni kwake, akasikitika na kumwonea huruma mama wa huyo msemaji. Kaka alikuwa ametimiza ahadi.

Baada ya muda yule mama, ambaye kaka alimwachia namba yake mazikoni, akampigia simu. Kuna mtu anambishia mlango mvua ikinyesha, anamwita mama, na sauti yake si ya binadamu. Kaka hakuamini mambo ya mizimu. Alisema ni watu wa ghala wanamtisha mzee wa watu, atawanasa. Akachukua kinasa sauti chake na kuniomba nimsindikize.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, shati la marehemu bado limetundikwa nyuma ya mlango. Mama alikuwa anamenya viazi kwa kupapasa. Mchana mweupe ukaingia wingu, mvua ikaanza, tukawa tunazungumza habari za afya yake. Mlango ukagongwa.

"Mama. Nifungulie."

Niliijua. Nzito. Ya kukokota. Ilikuwa ile sauti aliyoitengeneza kaka kwa vidole vyake mwenyewe. Haikuwahi kutoka kinywani mwa mtu yeyote.

"Ni mimi, mama. Nimelowa. Umenipata?"

Kisu kilimponyoka mama. Alinong'ona.

"Kama ni wewe mwanangu, niite kwa sauti yako."

Mvua tu. Kisha ile sauti ikaja karibu kabisa na kitasa.

"Aliifuta."

Nilimtazama kaka. Uso wote ulikuwa umemshuka. Alikwenda mlangoni, akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Nilidhani atafungua. Hakufungua. Alinong'ona, nami nikamsikia.

"Chukua yangu."

Tulipofungua hapakuwa na mtu. Kibaraza chote kilikuwa kimelowa chapachapa, isipokuwa sehemu mbili mbele ya kizingiti, zenye umbo la nyayo. Hizo zilikuwa kavu.

Kesho yake kaka aliamka hana sauti. Haikuwa imekauka, haikuwepo. Hata akikohoa hakitoki kitu. Madaktari walimmulika koo wakasema ni zima kabisa. Redioni walimvumilia kidogo, halafu wakampa barua ya shukrani na saa ya ukutani, maana mtangazaji bubu wa nini. Ghala bado liko wazi. Nalipita nikienda sokoni, naona malori yakiingia na kutoka, na mwenyewe kanenepa. Nina hasira, wala sioni haya kusema hivyo.

Jana mchana tulikuwa mezani, mimi na kaka, simu yangu ikaita. Alikuwa yule mama. Sijawahi kumsikia mchangamfu vile. Aliniambia mwanawe amerudi, na safari hii amemfungulia.

"Sauti si yake, binti yangu," alisema. "Lakini ni ya mtu."

Nyuma yake nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, na mwanamume akiuliza anaongea na nani. Sauti ile nimekua nayo. Ilinisomea hadithi nikiwa na homa, ikasoma matokeo ya mpira, ikasoma matangazo ya vifo. Kaka alikuwa mbele yangu, kijiko mkononi, kinywa amekifumba.

"Nisalimie kaka yake," ile sauti ikasema. "Mwambie nashukuru. Umenipata?"

Simu ilikuwa imebanwa sikioni mwangu. Kaka hangeweza kusikia. Lakini aliweka kijiko chini, akaniangalia, akaitikia kwa kichwa.